Alama ya Chacha Mgongoni mwa Bwana Shauri

Kobe ananuka kama kiatu cha ngozi kilicholowa mvua kikasahauliwa chini ya kitanda. Ukimsogeza puani zaidi unapata harufu ya majani yaliyotafunwa, na chini yake harufu ya udongo mkavu. Watu wengi hawaijui harufu hiyo kwa sababu hawana sababu ya kumnusa kobe. Mimi nilimnusa kila asubuhi kwa msimu mzima wa kiangazi, nyumbani kwetu Nyarero, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa kama miaka kumi. Nilikuwa mtoto wa kunusa kila kitu. Mama alisema ningezaliwa mbwa ningefaa zaidi kuliko nilivyozaliwa msichana, maana mbwa angalau hamuulizi mtu maswali.

Kobe huyo hakuwa wetu. Alikuwa mali ya wacheza bao. Wakati ule, ulezi, ambao kwetu tunauita wimbi, ukishavunwa na kuingizwa ghalani, wanaume walipata nafasi ya kupumua, na wale waliopenda bao walitembeleana miji kwa miji. Walikuwa kumi na wanne, wa kwetu Tarime na wengine wa ng'ambo ya Mto Mara, wa Machochwe na hata wa Ikoma, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Walibeba bao zao begani na kete za mawe ya mtoni katika vifuko vya ngozi. Kwa kuwa mmoja alisema Kikurya, mwingine Kiikoma, na mmoja alikuwa Mjaluo, walitaniana kwa Kiswahili, na Kiswahili changu cha kwanza nilikisikia hapo, kikiwa kimejaa matusi ya mchezo. Nilijua kusema "leo utalala njaa, kete zako zote ziko kwangu" kabla sijajua kuomba maji.

Kobe aliletwa na Mzee Makuru wa Ikoma, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa mwindaji kabla ya kuwa mkulima. Alimwokota karibu na mto akiwa njiani kuja kucheza, akamweka katikati ya wachezaji kwa mzaha, akasema huyu ndiye mkubwa wetu, anatembelea watu polepole na hakuna analolifanya akifika. Wakamwita Bwana Shauri, kama yule mzungu wa bomani aliyezunguka vijijini. Toka siku hiyo ikawa desturi: atakayeshinda mkutano anaondoka na Bwana Shauri, anamlisha mpaka mkutano ujao, na anamkata alama mgongoni kwa ncha ya kisu. Kila mji kwetu ulikuwa na alama yake ya kukata masikio ya ng'ombe, ili ng'ombe akipotea ajulikane ni wa nani. Wachezaji waliihamisha alama ileile kwenye gamba la kobe. Walisema gamba ni kama kucha, halina uchungu. Labda ni kweli. Ila mimi niliona kwamba kisu kilipoanza kukwaruza, Bwana Shauri aliingiza kichwa ndani, na hakukitoa mpaka kesho yake.

Kaka yangu Chacha hakuwa na ng'ombe wake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na alama. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mcheshi, mwenye vidole virefu vilivyosambaza kete upesi mpaka mashimo yakalia kama mvua kwenye bati. Mwaka mmoja aliwashinda wote, pamoja na baba aliyemfundisha. Alipopewa kisu akakaa uani akifikiri alama ya kukata, huku wazee wakimcheka. "Mkate mkia wa mbuzi, ndiyo mali pekee uliyowahi kuchunga," alisema Marwa wa Machochwe, mtu mnene, mdomo mrefu kuliko ushindi wake. Chacha akakata mistari mitatu iliyokutana chini, kama mguu wa kwale. Mama alikuwa akipepeta wimbi pembeni, na akaona kila mkwaruzo wa kisu kile. Miezi michache baadaye Chacha alikwenda jeshini pamoja na vijana wenzake. Hakurudi. Tarishi wa mtemi alileta karatasi, mwalimu wa misheni akaisoma, ikasema amekufa kwa homa na amezikwa hukohuko, katika nchi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka jina lake sawasawa.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Kaburi liko pale, watoto wanalizunguka wakicheza, mama anapita akienda shambani, na uchungu unapata mahali pa kukaa. Mama hakupata mahali hapo. Nguo za Chacha ziligawiwa ndugu baada ya matanga, kama ilivyo desturi, na nyumba yake ya ujana iliachwa ianguke. Mchwa walikula kigoda chake. Kufikia kiangazi kile hakukuwa na kitu ungeweza kukishika ukasema hiki ni cha Chacha, isipokuwa mistari mitatu kwenye mgongo wa kobe. Baba alishinda mkutano wa Machochwe akaja na Bwana Shauri nyumbani, na mimi ndiye niliyegundua jambo ambalo wengine hawakuliona. Nilipomnusa asubuhi nilikuta harufu ya siagi. Mama alikuwa akimpaka siagi, tena kwenye kigae kimoja tu cha gamba, kile chenye mguu wa kwale. Vigae vingine vilikuwa vikavu na vya kijivu. Kimoja kiling'aa.

Tatizo lilikuwa kwamba gamba limejaa. Marwa, aliposhinda kabla ya baba, alikosa nafasi akakata alama yake juu ya nusu ya alama ya mtu mwingine. Huyo mwingine alipoiona nusura fimbo zitembee, kwa sababu kukata juu ya alama ya mwenzako ni sawa na kuiba ng'ombe wake. Baba naye aliposhinda hakukata chochote. Ikaamuliwa wachezaji wote wakutane uani kwetu, washauriane juu ya Bwana Shauri.

Walikuja asubuhi, wote kumi na wanne, hata Mzee Makuru aliyekuwa amelala njiani. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kipande cha sega la asali kilichofungwa kwenye jani. Walicheza kwanza, maana hawakuweza kukaa pamoja bila kucheza. Kisha wakanywa togwa, na baba akamweka kobe katikati. Marwa alikuwa wa kwanza kusema.

"Mimi sioni shida. Hapa kuna alama ya mtu ambaye hachezi tena," alisema, akielekeza kidole. "Tukwangue pale, tupate nafasi. Aliyekufa hagombi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. Baba aliinamisha kichwa akatazama kete mkononi mwake. Mzee Makuru akakohoa, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba alama za watu hazikwanguliwi, kwamba mnyama naye huchoka, na kwamba yeye aliyemwokota mtoni angemrudisha mtoni. Bwana Shauri astaafu akale majani yake. Kiangazi kijacho watatafuta kobe mwingine mwenye mgongo safi. Wanaume wakaitikia mmoja baada ya mwingine, na Marwa naye akaitikia, akiongeza kwamba wamtafute mkubwa zaidi maana yeye bado ana ushindi mwingi unaokuja. Wakacheka. Mimi nilifurahi mpaka asali ikanidondoka. Akilini nilikuwa nimeshamwona kobe akiingia kwenye nyasi za mtoni, akienda zake bila kugeuka nyuma.

Mama alitoka jikoni na kata ya togwa mkononi. Nilidhani anakuja kuwaongezea. Alisimama nyuma ya baba, akasema, "Hatakwenda."

Lazima nieleze kwamba mama yangu alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Kuku akichinjwa aligeuza uso. Nyoka akiingia nyumbani alimfungulia mlango. Na mwanamke hakuingilia maneno ya bao, hilo halikuhitaji kusemwa. Kwa hiyo wanaume wote walimtazama kama ambavyo wangeutazama mti ukisema.

"Mama Chacha," alianza Mzee Makuru taratibu, "hatujaikwangua alama. Imebaki vilevile."

"Imebaki na inakwenda porini. Kobe akienda, anakwenda na mwanangu. Mara ya pili." Aliiweka kata chini. "Kobe mwende naye, sina shida na kobe. Gamba liacheni hapa."

Ilichukua muda kabla mtu hajaelewa alichokiomba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimtazama baba, nikamtazama Makuru, na nilipoona Marwa, mtu wa maneno siku zote, amefungua mdomo bila kitu kutoka, ndipo nikajua. Sikuwahi kujua kwamba mtu unayelala naye kitanda kimoja anaweza kuwa na neno kama hilo ndani yake, limekaa, linasubiri.

"Shemeji," alisema Marwa mwishowe, "unataka tumuue mwenzetu?"

"Wewe ulitaka kumkwangua wangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi asiye na kaburi hakuna anayejua amjibu nini. Nilimkimbilia mama, nikamwambia kwa Kikurya kwamba alama ya Chacha naijua, naweza kuichora popote anapotaka, kwenye kibuyu, kwenye ukuta, kwenye mlango, nitaichora sawasawa hata hatajua tofauti. Aliniwekea mkono kichwani. "Wewe unaijua alama," alisema. "Mimi nataka mkono wake."

Baba akasimama akasema alama ni ya mwanawe na kobe yuko uani kwake, basi. Lakini hapo wakakwama kwenye jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Wanaume wale walichinja madume ya ng'ombe tangu ujana wao, tena kwa kujisifu. Kwetu lakini kobe haliwi, na kisu kilichomchinja asiyeliwa hakirudi tena kwenye nyama ya watu. Hakukuwa na desturi iliyosema nani amuue kobe, wala kwa kisu gani, wala aseme nini kabla. Baba akasema kisu chake ni cha ng'ombe. Marwa akasema chake amekiacha Machochwe, na sote tulikiona kiunoni mwake. Walimgeukia Mzee Makuru, mwindaji. Akasema kwamba ili gamba lisiharibike ni maji ya moto tu, hakuna njia nyingine, na baada ya kusema hivyo akachukua bao lake, akatoka uani, akaenda kusimama kwenye njia akiwa ametupa kisogo.

"Leteni debe," alisema mama.

Alilijaza mwenyewe. Aliweka mafiga uani, si jikoni, akawasha moto, na kuni zilikuwa mbichi zikafuka moshi. Alipuliza. Aliingia ndani kutafuta kitambaa cha kushikia debe, akakaa huko, akatoka na kitambaa, akarudi tena ndani kutafuta kingine. Bwana Shauri alikuwa ametoa kichwa na anatembea kuelekea kwenye ganda la ndizi karibu na miguu yangu. Maji yakaanza kusema, kisha yakachemka, na mama akaketi mbele ya debe lile na kulitazama kwa muda mrefu, mpaka maji yakapungua. Mimi nilisimama palepale. Wanaume kumi na watatu walikuwa wakitazama chini. Halafu mama akainuka, akamchukua kobe kwa mikono miwili kama unavyomchukua mtoto anayeoga.

Yaliyofuata siyaandiki. Nitasema tu kwamba kobe ana sauti. Watu husema hana, na mimi mpaka siku ile niliamini hivyo.

Wachezaji waliondoka bila kupanga mkutano mwingine. Waliagana na baba kwa mkono, wakamkwepa mama macho. Mzee Makuru hakurudi tena upande wetu wa mto, na ule mwendo wa bao ukafia hapo; kila mtu alicheza kwao na jirani yake. Gamba lilining'inizwa kwa kamba juu ya jiko, katika moshi, kama tunavyohifadhi mbegu ili wadudu wasiguse. Mama aliamka, akalitazama, akawasha moto. Alianza kuimba tena akisaga. Nilimwogopa. Nilikula chakula chake na nikalala mgongoni mwake, lakini nilimwogopa, na mikono yake ikinigusa nilifikiria debe.

Halafu mvua za vuli zikaja, na likatokea jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua, hata mwindaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhifadhi gamba la kobe asiyeliwa. Gamba la kobe ni vitu viwili. Chini ni mfupa. Juu yake kuna vigae, vyepesi, kama kucha, na ni hivyo vilivyokuwa vimekatwa alama. Kobe akiwa hai vimeshikana. Akifa na kukauka, vinaachana. Siku moja kigae kimoja kilianguka karibu na jiwe la kusagia. Mama akakiokota akakigeuzageuza; kilikuwa na alama ya mtu wa Nyarero. Kesho yake kikaanguka kingine. Pembe za vigae vyote zilikuwa zimeanza kujikunja kwa moshi, na chini yake palionekana mfupa mweupe, laini, usio na alama ya mtu yeyote.

Mama alisema gamba liondolewe juu ya jiko. Baba alisema atalishusha akirudi mnadani. Mama alikwenda shambani kupalilia, akaniacha nikoroge uji. Nilikuwa nimeinama juu ya chungu niliposikia kitu kimegonga figa. Kisha ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Niliingiza mkono ndani ya moto bila kufikiri, na nilichokitoa kilikuwa kimejikunja, cheusi, kinatoa povu. Nilikipiga chini kikazimika. Ilibaki pembe moja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na juu yake mstari mmoja kati ya mitatu.

Mama aliporudi nilimpa. Hakulia wala hakunipiga. Aliuangalia mkono wangu uliobabuka kabla ya kukiangalia kipande kile, akanipaka siagi vidoleni, na kazi hiyo aliifanya polepole sana. Kile kipande alikifunga kwenye pindo la kitambaa chake. Gamba jeupe baba alilitupa bondeni, na watoto wakachotea maji.

Shule niliiacha darasa la nne, na toka hapo nimekuwa mtu wa njiani. Nimepika migahawa ya mnadani, nimeuza samaki wakavu, nimefua nguo za watu kwenye kambi za barabara, nimevuka mpaka wa Sirari na kurudi mara zisizo na hesabu. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nimeila karibu yote. Wajukuu wa ndugu zangu huniwekea simu mkononi wanionyeshe mtoto aliyezaliwa juzi, na ndani mna picha zake mia, akilia, akilala, akipiga chafya. Nazitazama zote. Hawaelewi kwa nini sichoki. Hawajui kwamba mtu mzima aliyewahi kucheka na kucheza bao kuliko baba yake alibaki mstari mmoja wa kisu.

Mama alizeeka vizuri. Miaka mingi baada ya uhuru nilipita kumsalimu, na tukiwa tunachambua maharage nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama alijuta. Alichambua kwanza rundo lote lililokuwa mbele yake.

"Nilikaa na lile debe," alisema. "Nikatia kuni mbichi. Nikaingia ndani mara mbili. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana miguu, na yule kobe anamtaka, ameshafika miguuni pake. Atamchukua akimbie. Makuru yuko njiani, atampa. Nikitoka nitakuta hayupo."

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambiaje? Nilishasema mbele ya wanaume wote. Ningewaambia sitaki tena?" Alipuliza makapi kwenye ungo. "Nilitoka nikakuta umesimama."

Mpaka leo sijui nilimjibu nini. Nakumbuka tu kwamba yale maharage yalikuwa ya rangi mbili, mekundu na meupe, na kwamba niliendelea kuyachambua kwa muda mrefu, nikiwa nimeyachanganya.

Mwaka jana nilipanda lori la mahindi kutoka upande wa Ikoma. Katikati ya barabara, mbele yetu, kobe alikuwa anavuka, mkubwa, mgongo safi kabisa. Siku hizi madereva wa kule wanasimama, na vijana waliokaa juu ya magunia walitoa simu zao. Mimi nilishuka. Nilishuka kwa shida, kwa umri huu, utingo akinishika kiwiko. Nikamnyanyua kobe kwa mikono miwili, nikampeleka ng'ambo ya barabara, nikaendelea naye mpaka ndani ya nyasi, mbali kuliko ilivyohitajika.

Niliporudi nikihema, utingo aliniambia, "Bibi, angevuka mwenyewe."

Nikamwambia najua.